Simu haijai chaji ndani ya gari? Fuata njia hii kabla hujanunua chaja nyingine

Mwakeye ndugu zangu, na ninyi mnaotutazama kutoka nje ya Kigoma, karibuni sana. Nipo hapa Mwanga, mlangoni mwa gereji, na hii Noah mnayoiona nyuma yangu inapiga ruti ya Kasulu. Dereva wake analalamika hivi: anatoka Kigoma simu ina asilimia 40, anaichomeka njia nzima, anafika Kasulu ina 43. Ameshanunua chaja tatu. Leo asubuhi kaja kuniuliza bei ya betri ya gari.

Betri tusiiguse kwanza. Tutaanzia kwenye simu, turudi nyuma kidogo kidogo mpaka kwenye betri, na pesa itoke mfukoni pale tu tulipoona ubaya kwa macho. Tafuta mita ya umeme, tochi, kijiti cha meno cha mti, msasa laini na balbu ya breki ya wati 21. Hiyo balbu usiidharau, utaona kazi yake.

Zima simu, mulika tochi ndani ya tundu la chaji. Sogeza kamera hapa. Mnaona ile kijivu kule chini kabisa? Ni nyuzinyuzi za mfukoni zimechanganyika na vumbi letu jekundu, na kila unapochomeka waya unazidi kuzishindilia. Kokoa taratibu kwa kijiti cha mti. Pini na sindano weka mbali, zitakata vile vijino vya ndani. Haya, tazama donge hili, limetoka kwenye simu ya huyu kijana sasa hivi. Kabla ya hapo waya ulikuwa unacheza, sasa unaingia hadi mwisho na kushika.

Halafu badilisha waya wa chaji. Chukua ule unaojua nyumbani unajaza simu haraka. Nyaya nyingi za bei ya chini zina shaba nyembamba mno ndani, umeme unaishia njiani. Nyingine hazina kabisa zile nyaya mbili za data, na simu isipoweza kuitambua chaja huwa inajizuia, inachukua kama nusu ampea tu. Ni hivyo hivyo ukichomeka kwenye tundu la USB la redio ya gari. Matundu mengi ya redio yametengenezwa kwa ajili ya kusoma flashi yenye miziki, yanatoa nusu ampea. Usilitegemee kuchaji simu kubwa.

Sasa chaja yenyewe. Igeuze usome maandishi madogo ubavuni. Hii ya kwake imeandikwa volti 5, ampea 1. Zidisha: wati 5. Tuseme simu imewashwa ramani, kioo kinang'aa kwa sababu ya jua, data iko wazi na abiria wawili wamejiunga na intaneti yake. Simu ya namna hiyo inaweza kula wati 3 au 4 peke yake. Kinachobaki kuingia kwenye betri ya simu ni wati 1 au 2, na betri iliyoandikwa 5000 mAh inabeba umeme wa kutosha kutoa karibu wati 19 kwa muda wa saa moja. Piga hesabu mwenyewe saa mbili za safari zinaleta nini. Chaja hiyo haijaharibika, ni ndogo kwa kazi iliyopewa. Tafuta ya wati 18 au zaidi, na uhakikishe inaongea lugha moja na simu yako, maana kuchaji haraka ni makubaliano kati ya vitu viwili. Kama chaja imeandikwa PD au QC, hayo ni majina ya njia za kuchaji haraka, angalia simu yako inakubali ipi. Zisipoelewana, utarudi kwenye volti 5 zile zile.

Na mliobandika simu kwenye kioo cha mbele, jua la saa saba linaipiga usoni: simu ikichemka inapunguza chaji yenyewe ili kulinda betri yake. Ishushe, iweke karibu na tundu la hewa.

Mwenye Fuso, au Coaster ya dizeli, nakuomba usikilize hapa. Magari hayo mengi yana mfumo wa volti 24. Chaja iliyoandikwa volti 12 peke yake usiichomeke humo. Nunua iliyoandikwa 12 hadi 24.

Tumemaliza upande wa simu. Kama bado hali ni mbaya, tuingie kwenye soketi, yaani lile tundu la gari unalochomeka chaja.

Chomoa ufunguo wa gari kabla hujagusa kitu. Kichuma cha katikati, kule chini, ndicho chanya. Ukuta wa pembeni ndio hasi, umeungwa na bodi. Ukiingiza bisibisi ikagusa vyote viwili wakati umeme upo, umepiga shoti. Mulika tena. Cha katikati kimekuwa cheusi, na hivi vibati viwili vya pembeni vilitakiwa kuwa na springi vibane chaja, vimelala. Kuna na utando unaonata, nadhani ni soda. Funga msasa kwenye kijiti, sugua kichuma mpaka kirudi rangi yake, futa kwa kitambaa chenye spiriti, kisha vuta vibati ndani kidogo tu. Wakati mwingine humu natoa pini za nywele na vikaratasi vya chingamu vyenye utepe wa fedha, na hivyo ndivyo vinavyokata fyuzi.

Fyuzi sasa. Kwenye Toyota nyingi sanduku lake liko chini ya dashibodi upande wa dereva, na mfuniko wake una mchoro. Tafuta palipoandikwa CIG au P/OUTLET. Hapa ni ya ampea 15, rangi ya buluu, na ni nzima. Ingekuwa imekatika, ningeirudishia 15 nyingine na si kitu kingine chochote. Nasema hili kwa uchungu. Ililetwa gari hapa, mtu alichoka kununua fyuzi akaweka ya 30, ile ya kijani. Nilipofungua dashibodi nikakuta plastiki ya waya imeyeyuka imegandana na waya wa jirani, na gari hilo lilikuwa linabeba watoto wa shule kila asubuhi. Fyuzi imewekwa hapo ili ikatike yenyewe kabla waya haujawaka. Ukiweka kubwa, au ukazungushia foili ya sigara, kitakachoungua ni waya.

Sasa ile balbu. Washa ufunguo hadi redio iwake, injini usiwashe. Ukipima soketi tupu kwa mita utaona volti 12 na ushee, utafurahi, utafunga, na utakuwa umedanganyika. Soketi mbovu nayo inaonyesha 12 kama haina mzigo. Lazima uibebeshe kitu. Mimi nimechukua kichwa cha chaja iliyokufa, nikatoa matumbo yake, nikalehemu nyaya mbili, moja nchani na moja ubavuni, nikaziunga na balbu ya breki. Balbu hii inavuta karibu ampea 1.75. Inachoma, kwa hiyo usiiache juu ya kiti.

Nachomeka. Imewaka, lakini iangalieni rangi yake, imechoka, ni ya njano. Kwenye betri nimepima 12.5. Hapa kwenye nyaya za balbu nasoma 10.3. Volti 2 na kidogo zimepotelea njiani, na huko zilikopotelea zinageuka joto. Kinachokubalika ni tofauti ya nusu volti hivi. Sasa naitikisa soketi kwa kidole. Mmeona? Imezima, imewaka. Chaja nyingi zingeweza kuvumilia volti 10, lakini haziwezi kuvumilia hili. Kila tuta, kila rasta, umeme unakatika, simu inalia "ting" na kuanza makubaliano upya. Kumbe wale abiria wa mbele walikuwa wanausikia ugonjwa wenyewe njia nzima.

Upotevu uko chanya au hasi? Balbu iendelee kuwaka. Waya mweusi wa mita uweke kwenye boliti safi ya bodi, mwekundu kwenye waya hasi wa balbu. Kama ethi, yaani njia ya hasi inayopita kwenye bodi, ni nzuri, utapata chini ya volti 0.2. Mimi nimepata 1.9. Basi karibu upotevu wote uko kwenye ethi. Ningepata sifuri, ningegeukia waya wa chanya, kuanzia fyuzi mpaka nyuma ya soketi.

Hapa tunafungua, kwa hiyo ondoa kwanza kichwa cha hasi cha betri kwa spana namba 10. Toa skrubu za konso, ile plastiki ya katikati inayoshika soketi, ivute taratibu. Ukikuta soketi za waya za rangi ya manjano, hizo ni za mifuko ya hewa, usizichomoe. Nyuma ya soketi yetu waya mweusi ndio ethi. Naufuata kwa mkono… huu hapa, umefungwa kwenye bodi kwa skrubu moja. Sogea karibu. Kutu. Na skrubu naigeuza kwa vidole vitupu.

Naitoa, nasugua bodi mpaka chuma cheupe kionekane, nasugua na kile kipete cha waya, nafunga kwa nguvu, kisha napaka grisi juu ili unyevu usirudi. Kazi ya dakika kumi. Kipuri sijanunua hata kimoja.

Narudisha hasi ya betri, nachomeka balbu. Angalieni mwanga wake sasa, mweupe. Mita inasoma 12.1. Natikisa soketi: haipepesi. Nachomeka chaja ya wati 18 na waya mzuri, simu imeandika inachaji haraka.

Tulizunguka nayo hadi Ujiji na kurudi, kioo kinawaka na ramani imefunguliwa, na lile "ting" halikusikika hata mara moja. Tulitoka na 43, tumerudi na 55. Narudisha skrubu za konso, zote nne, maana abiria wa Kasulu wameshaanza kupakia mizigo.