Maktaba ya Wote Isikae Chumbani kwa Mmoja

Ndugu zangu, mlionisikia nikilizungumza mara zilizopita jambo hili la mahali pa kuhifadhi maktaba za programu, yaani vipande vya msimbo (maandishi ya kuiongoza kompyuta) vinavyotumiwa na mifumo zaidi ya mmoja, mnivumilie, kwa kuwa nitalirudia, tena kwa mfano uleule wa rimoti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla.

Nilipokuwa nimepanga Sinza, nyumba yetu ilikuwa na wapangaji sita na mita moja ya umeme. Rimoti ya kuingizia tokeni ilikaa chumbani kwa mpangaji mmoja, si kwa kuwa tulimchagua, bali kwa kuwa siku mafundi walipokuja kufunga mita yeye ndiye aliyekuwepo nyumbani. Akapata msiba Moshi, akafunga mlango akaondoka, na usiku wa Ijumaa uniti zikaisha. Fedha tulichanga, tokeni yenye tarakimu 20 tulikuwa nayo kwenye simu, na bado tulilala gizani siku tatu.

Maktaba zetu za programu tunazihifadhi vivyo hivyo. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi tulikuwa na mifumo mitano iliyohitaji kusafisha namba za simu, kwa maana mteja mmoja huandika kuanzia sifuri, mwingine huanza na +255, na mwingine hupenda kuacha nafasi kila baada ya tarakimu tatu, ilhali zote zinapaswa kuishia katika umbo moja la tarakimu 12. Msimbo huo uliandikwa ndani ya mfumo wa mauzo, kwa sababu ndio ulioanza kuuhitaji, na mwandishi wake alizikubali namba za 07 akazisahau za 06. Wenzetu wa mikopo walinakili faili hilo kama lilivyo. Wa ujumbe mfupi waliliunganisha ghala lote la msimbo wa mauzo, yaani mahali unapotunzwa msimbo wote wa mfumo huo, na la kwao, hata ikawa kila mauzo wakibadilisha muundo wa hifadhidata, programu ya ujumbe inagoma kujengeka, yaani msimbo wake haugeuki kuwa programu inayofanya kazi. Kosa la 06 liliposahihishwa kwenye mauzo, nakala ya mikopo ilibaki na ugonjwa wake, na kwa miezi kadhaa mteja aliyenunua bidhaa bila tatizo alikuwa akienda dirisha la pili anaambiwa namba yake si sahihi, huku karani akimshauri kwa upole asajili laini nyingine.

Ninachodai ni kwamba maktaba ikishatumiwa na mradi wa pili, itolewe katika mradi wa kwanza, ipewe ghala lake, watu wake wanaotajwa kwa majina, na namba za matoleo, ili badiliko linalovunja matumizi ya zamani litoke kama 2.0.0 na wa mikopo waendelee na 1.4.2 hadi watakapokuwa tayari.

Najua kuna atakayesema kwamba Google huweka karibu kila kitu katika ghala moja. Ni kweli, mwaka 2016 wahandisi wao walieleza kuwa lina takribani mistari bilioni 2 ya msimbo. Lakini walieleza pia kwamba walilazimika kujitengenezea mfumo wao wenyewe wa kulibeba. Wewe mwenye watengenezaji wanane umeandaa nini? Nakubali jambo moja tu: miradi yenu ikiwa inaandikwa na watu walewale na kutolewa siku moja, folda ndani ya ghala moja inatosha, wala msijisumbue na mengine.

Kuhusu mahali vinapopakuliwa vifurushi vyenyewe, yaani maktaba zilizofungwa tayari kwa kutumiwa, nitapita haraka. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa left-pad, kifurushi cha mistari 11, kutoka npm, hifadhi ya mtandaoni ya vifurushi vya lugha ya JavaScript, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengeka. Nasi Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika tuliona intaneti ilivyosuasua. Wekeni nakala ya vifurushi mnavyovitegemea kwenye seva iliyo karibu nanyi.

Leseni naziacha. Ila ghala lifunguliwe kwa akaunti ya taasisi, kwani letu lile la namba za simu, tulipoamua hatimaye kulitenga, lilifunguliwa kwa barua pepe binafsi ya kijana wa mafunzo kwa vitendo. Alipomaliza muda wake ikabidi tumtafute kwa simu kupitia mfumo wa mikopo, ambao ulikuwa umeikataa namba yake, kwa kuwa ilianza na 06.