Kabla ya Gari la Umeme, Kagua Soketi

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Kila mtu anayefikiria kununua gari la umeme huanza na swali moja: linakwenda kilomita ngapi? Swali zuri. Lakini kabla hujamuuliza muuzaji, mwite fundi umeme umuulize hivi: nyaya za nyumba yangu zitahimili mzigo huu usiku kucha?

Birika la umeme hula kilowati 2 hivi, lakini kwa dakika chache tu. Maji yakichemka, linazima. Gari linavuta kiasi hicho hicho kwa saa 8 au 10 mfululizo. Soketi ambayo haijawahi kukusumbua kwa miaka mingi huenda haijawahi kupewa kazi ya namna hiyo hata siku moja.

Tupige hesabu. Soketi ya kawaida ya volti 230, ikitoa ampea 10, inakupa kilowati 2.3. Kwa saa 10 za usiku ni uniti 23, yaani kilowati-saa 23. Toa zinazopotea njiani kama joto, zibaki 20 hivi ndani ya betri. Gari la wastani hutumia uniti 15 hadi 20 kwa kilomita 100. Kwa hiyo umelala, umeamka, unayo safari ya kilomita 100 au zaidi kidogo. Wengi wetu hatuendi mbali hivyo kwa siku. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu watu wanatishwa kwamba bila kisanduku cha kuchajia kinachofungwa ukutani gari halimilikiki. Si kweli.

Kisanduku kina faida zake, sikatai. Cha ampea 32 hutoa kilowati 7.4, na uniti zile 20 zinaingia kwa saa 3 hivi. Anayeendesha masafa marefu kila siku atakihitaji. Lakini fahamuni kwamba chaja yenyewe imo ndani ya gari. Ndiyo inayogeuza mkondo geu (AC) wa nyumbani kuwa mkondo mnyoofu (DC) unaoingia betrini. Kama chaja ya gari lako mwisho wake ni kilowati 7.4, ukinunua kisanduku cha kilowati 22 gari litachukua zile 7.4 tu, na pesa zako zimekwenda.

Sasa nije kwenye joto, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Joto kwenye waya haliongezeki sambamba na mkondo. Mkondo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Kutoka ampea 10 kwenda 32, joto kwenye waya ule ule ni kama mara kumi. Na mahali panapoungua kwanza, mara nyingi, ni kwenye maungio: skrubu iliyolegea nyuma ya soketi, au vishikio vya soketi vilivyochakaa visibane tena plagi. Hapo mguso ni hafifu, ukinzani unapanda, plastiki inageuka rangi ya kahawia, kisha inaanza kunuka. Usiku wa kwanza wa kuchaji, usiende kulala mara moja. Baada ya saa moja gusa uso wa plagi. Uvuguvugu hauna neno. Ukishindwa kuushikilia mkono pale, zima, na usichaji tena mpaka fundi aifungue soketi hiyo. Na ekstensheni, hasa ile iliyozungushwa kwenye gurudumu lake, msiitumie kabisa. Waya uliojikunja hauna pa kutolea joto.

Fundi akija, mwambie apime pia erthi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja, asiishie kuitazama kwa macho. Mwulize pia juu ya kikata umeme kinachokinga watu dhidi ya uvujaji. Mkondo mnyoofu ukivuja kutoka kwenye gari, unaweza kukipumbaza kikata umeme cha kawaida, kisikate siku utakapokihitaji. Visanduku vingi vya ukutani vina kigunduzi cha mkondo huo kinachoshtuka kwenye miliampea 6.

Mvua isiwatishe. Kebo halali ya kuchajia haitoi umeme kwenye kichwa chake mpaka gari na kifaa cha kuchajia vipeane ishara kwamba vimeunganika sawasawa.

Kuhusu betri nitasema kwa ufupi. Zile za nikeli, kwa matumizi ya kila siku, ziishie asilimia 80. Zile za fosfeti ya chuma, watengenezaji wengi wanashauri zijazwe hadi 100 mara kwa mara ili kompyuta ya gari isome sawasawa kiasi kilichobaki. Soma kitabu cha gari lako.

Nimeletewa kikaratasi hapa. Mzee wetu anauliza: anaishi ghorofani, gari hulala barabarani, afanyeje? Mzee wangu, kwanza usishushe waya dirishani. Ulizia kazini kwako. Gari hukaa pale saa nyingi, na soketi moja nzuri inatosha. Pakikosekana, utabaki na vituo vya kuchaji haraka, vinavyopeleka mkondo mnyoofu moja kwa moja betrini. Huko kasi hushuka sana baada ya asilimia 80, hivyo chomoa uondoke, mwenzio apate nafasi. Na kama kazini hakuna pa kuchaji, na kituo cha karibu kiko mbali na njia zako za kila siku, mimi ningekushauri usubiri kwanza, usinunue mwaka huu.