Pasipoti ya Mfanyakazi Ibaki Mkononi Mwake

Waheshimiwa, kila ninapopewa nafasi ya kuzungumzia wafanyakazi wahamiaji huanza na pasipoti, na leo pia nitaanza hapo, kwa sababu bado hatujasikika.

Mwanamke anayekwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za ndani mara nyingi hunyang'anywa pasipoti kabla hata hajaiona nyumba atakayoishi. Wakala humpokea uwanja wa ndege, humwambia kwamba mwajiri ataitunza isije ikapotea, basi haioni tena. Chini ya mfumo wa kafala, kibali chake cha ukaazi kimefungamana na mwajiri huyo mmoja; kwa hiyo akikimbia kipigo au mshahara usiolipwa, mwajiri huripoti kwamba ametoroka, na aliyedhulumiwa ndiye anayekamatwa. Akienda kushtaki huulizwa hati zake, nazo zimo kabatini mwa yule anayemshtaki. Hiyo ni haki ya namna gani?

Mtaniambia sheria zimebadilika. Ni kweli, Qatar mwaka 2020 iliondoa sharti la mfanyakazi kupata ruhusa ya mwajiri ili abadili kazi, lakini mageuzi ya Saudia ya mwaka 2021 yaliwaacha nje wafanyakazi wa ndani, yaani wale wale wanaofungiwa milango. Kuzuia pasipoti ya mtu kumepigwa marufuku katika nchi kadhaa za huko, na bado kunaendelea, kwa kuwa hakuna mkaguzi anayeingia nyumbani mwa mtu.

Wengine husema, "Si alisaini mwenyewe?" Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, ile ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, ilikwisha kulijibu hilo: ridhaa ya mtu haina uzito ikiwa ilipatikana kwa hila, kwa vitisho au kwa kuutumia unyonge wake. Tena alisaini nini, ikiwa alipofika alipewa mkataba mwingine, wenye mshahara mdogo zaidi, kwa lugha asiyoisoma?

Kuhusu madeni ya ada za wakala nitasema moja tu, kwamba Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, uliweka kanuni kuwa mfanyakazi asitozwe. Mkataba namba 189 wa mwaka 2011, kifungu cha 9, unampa mfanyakazi wa ndani haki ya kukaa na hati zake mwenyewe. Serikali zinazopeleka watu ziyaandike hayo katika kila makubaliano ya ajira zinayotia saini, na wakala atakayepokea pasipoti ya mfanyakazi afutiwe leseni.