Koleo Lililovunjika Mwaka 1964: Safari ya Wahafidhina wa Marekani

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni wote mliofika,

Nimeombwa nizungumzie kuinuka kwa siasa za kihafidhina nchini Marekani katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, na nadhani wengi wenu mmekuja mkitarajia nianze na Ronald Reagan. Reagan atafika, ila atachelewa kidogo, kwa sababu siku alipoapishwa, Januari 1981, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imekwisha kufanywa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kushika cheo chochote serikalini. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nami nitaanzia pale koleo lilipovunjika, yaani Novemba 1964.

Mwaka huo Chama cha Republican kilimsimamisha Barry Goldwater, seneta wa Arizona, aliyetaka serikali kuu ipunguzwe, kodi zishushwe na Wakomunisti wakabiliwe bila simile. Miezi michache kabla ya uchaguzi alikuwa ameipigia kura ya hapana Sheria ya Haki za Kiraia, ile iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika hoteli, migahawa na ajira. Rais Lyndon Johnson wa Chama cha Democratic alimbwaga kwa takriban asilimia 61 ya kura zote, na katika majimbo 50 Goldwater aliambulia 6. Wachambuzi wengi wa wakati ule walikwisha kuuandalia uhafidhina matanga.

Lakini hebu tuyatazame majimbo hayo 6. La kwanza ni Arizona, nyumbani kwake, na alilipata kwa tofauti ndogo mno. Matano yaliyobaki ni Mississippi, Alabama, Georgia, Louisiana na South Carolina, eneo ambalo kwa karibu karne nzima Mzungu kukipigia kura chama cha Abraham Lincoln, yule aliyetangaza kuachwa huru kwa watumwa, kulihesabiwa kuwa karibu sawa na kuwasaliti mababu zake. Georgia haikuwahi hata mara moja kumchagua mgombea urais wa Republican kabla ya siku hiyo. Huko Mississippi Goldwater alipata asilimia 87, na tukumbuke kwamba Weusi wengi wa jimbo hilo walikuwa bado wamezuiwa kujiandikisha kupiga kura. Ndani ya kipigo kile, kwa hiyo, mlikuwa na ramani mpya, na waliojua kusoma ramani waliisoma. Mwaka 1968 George Wallace, gavana wa zamani wa Alabama na mtetezi wa utengano wa rangi, aligombea nje ya vyama viwili vikubwa akachukua majimbo 5 ya Kusini; Richard Nixon, mgombea wa Republican aliyeshinda uchaguzi huo, aliona wazi kwamba kura za Wallace zingeweza kuhamia kwake iwapo angezungumza lugha ya amani mitaani na utii wa sheria, bila kutaja rangi ya mtu. Mwaka 1972 alizoa majimbo 49.

Urithi wa pili wa kipigo cha 1964 ulikuwa majina, na hapa naomba niende polepole, kwa kuwa vitabu vingi huipita habari hii mbio. Kampeni ya Goldwater ilichangiwa na watu wa kawaida wengi kuliko ilivyozoeleka, na sheria ilitaka majina ya waliotoa dola 50 au zaidi yahifadhiwe katika ofisi ya karani wa Baraza la Wawakilishi, ambako raia yeyote aliruhusiwa kuyaona. Kijana mmoja kutoka Texas, Richard Viguerie, alikwenda kwenye ofisi hiyo akaanza kuyanakili kwa mkono, na baadaye akaajiri wasaidizi, mpaka wakapata zaidi ya majina 12,000 pamoja na anwani zake. Baadaye majina hayo yaliingizwa kwenye kompyuta, zile kubwa za wakati ule, na orodha ikaendelea kunenepa. Kila aliyekuwemo aliletewa barua nyumbani. Barua hiyo iliomba mchango, ndiyo, lakini pia ilifundisha: ilimweleza msomaji ni jambo gani la hatari limetokea, nani amelisababisha, na kwa nini dola 10 zake zinahitajika kabla ya mwisho wa wiki. Mtu aliyedhani kijijini kwake yuko peke yake aligundua kwamba wenzake wapo, na chama hakikuwa na uwezo wa kumnyamazisha, wala mhariri wa gazeti, kwa sababu maneno yalipita kwa tarishi. Sisi tunaoishi zama za makundi ya simu tunaielewa hali hiyo vizuri zaidi kuliko wanasiasa wa Washington wa miaka ile.

Fedha za matajiri nazo zilitafuta mahali pa kukaa. Mwaka 1973 ilianzishwa Heritage Foundation, taasisi ya kuandaa sera za kihafidhina, ikifadhiliwa na Joseph Coors, mwenye kiwanda cha bia huko Colorado, na mmoja wa waasisi wake alikuwa Paul Weyrich, Mkatoliki mwenye kipaji cha kuunganisha watu ambao kwa kawaida wasingekaa meza moja.

Jina la Weyrich linatufikisha makanisani. Wengi huamini kwamba Wakristo wa Kiinjili waliingia katika siasa kwa hasira ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Januari 1973 uliohalalisha utoaji mimba. Maelezo hayo ni rahisi kuyakumbuka, lakini tarehe zinayasumbua. Mwaka 1971 mkutano mkuu wa Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini humo, ulipitisha azimio lililotaka utoaji mimba uruhusiwe katika hali fulani, ikiwemo ubakaji na hatari kwa afya ya mama. Waliopinga tangu mwanzo walikuwa hasa Wakatoliki. Naye mchungaji Jerry Falwell wa Lynchburg, Virginia, mwaka 1965, katika kipindi kilekile ambacho watu walikuwa wakiandamana Selma kudai haki ya kura, alihubiri kwamba wachungaji hawakuitwa wawe wanasiasa bali wavua roho za watu. Miaka miwili baadaye kanisa lake lilifungua shule.

Shule za namna hiyo zilichipuka kila pembe ya Kusini katika miaka ambayo mahakama zilikuwa zikilazimisha shule za umma zichanganye watoto. Si zote zilianzishwa ili kuwakwepa Weusi. Wapo wazazi waliosukumwa na kuondolewa kwa sala rasmi katika shule za serikali mwaka 1962. Hata hivyo, nyingi zilikuwa na sura moja tu darasani. Mwaka 1971 mahakama iliamua kwamba shule yenye ubaguzi haistahili msamaha wa kodi, na mwaka 1978 mamlaka ya kodi ya serikali kuu ikapendekeza kanuni za kuzitaka shule binafsi za aina hiyo zithibitishe kwamba hazibagui. Makumi ya maelfu ya barua za hasira yalimiminika Washington. Weyrich mwenyewe alikiri baadaye kwamba jambo hilo ndilo lililowaamsha wainjili, baada ya yeye kuhangaika miaka mingi kuwaamsha kwa hoja nyingine bila mafanikio. Mimi siko tayari kusema kwamba suala la mimba lilikuwa kisingizio, kwa maana mamilioni ya waumini walilishika kwa moyo wa kweli. Ninachosema ni kwamba mlango wa kwanza ulikuwa wa shule, na suala la mimba likapita katika mlango uliokwisha kufunguliwa. Mwaka 1979 Falwell, akihimizwa na Weyrich, aliunda Moral Majority, jumuiya ya kuwaingiza Wakristo wahafidhina katika siasa, na ile hotuba ya 1965 akaikana.

Walikuwapo pia akina mama. Phyllis Schlafly wa Illinois, mama wa watoto 6, alisimama dhidi ya marekebisho ya Katiba yaliyokusudia kuweka usawa wa wanaume na wanawake mbele ya sheria. Bunge lilikuwa limeyapitisha mwaka 1972 kwa kura nyingi, na ilionekana kama harusi iliyobakiza kupikiwa pilau tu. Yalihitaji majimbo 38. Yalifikia 35 yakakwama, na muda wake ukaisha Juni 1982. Wafuasi wa Schlafly waliwapelekea wabunge wa majimbo mikate waliyooka nyumbani, na wanaharakati wa upande wa pili wakawacheka.

Mambo ya mfukoni yalikuja kuyakaza yote haya. Katika miaka ya 1970 bei za nyumba California zilipanda kwa kasi, na kodi ya majengo ikapanda nazo, kiasi kwamba wastaafu walioishi kwa pensheni waliogopa kupoteza nyumba walizokwisha kuzilipia. Howard Jarvis, mzee wa zaidi ya miaka 70, alikusanya saini, na Juni 1978 asilimia zipatazo 65 ya wapiga kura waliafiki pendekezo lake: kodi isizidi asilimia 1 ya thamani ya nyumba, na makadirio ya thamani hiyo yasipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka. Mapato ya kodi hiyo yaliporomoka kwa zaidi ya nusu. Waliopiga kura hiyo hawakuwa wote wahafidhina, maana wamo waliokuwa Wademokrati tangu enzi za Rais Franklin Roosevelt. Siku hiyo walifunzwa kuiona serikali kama mtu anayegonga mlango kudai.

Kisha ukaja mwaka 1980, mfumuko wa bei ukiwa umevuka asilimia 13 na Wamarekani 52 wakiwa mateka mjini Tehran. Reagan alihutubia Agosti katika maonyesho ya Wilaya ya Neshoba, Mississippi, karibu na mahali walipouawa vijana watatu wa harakati za haki za kiraia mwaka uleule wa 1964, akasema anaamini katika haki za majimbo. Kila msikilizaji wa pale alijua msemo huo umetoka wapi: ulikuwa ngao ya watetezi wa utengano wa rangi dhidi ya serikali kuu. Wiki chache baadaye alikuwa Dallas mbele ya maelfu ya wachungaji, akiwaambia kwamba wao hawaruhusiwi kumuunga mkono, lakini yeye anawaunga mkono wao. Alishinda majimbo 44.

Utawala wake naupitia haraka. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilishuka kutoka asilimia 70 hadi 28, waongozaji ndege zaidi ya 11,000 waliogoma walifukuzwa kazi mwaka 1981, na deni la taifa likakaribia kuwa mara tatu. Serikali aliyoiita tatizo haikupungua. Sisi huku tuliusikia upepo huo kwa njia yetu: Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kuuliza ni lini Shirika la Fedha la Kimataifa lilipogeuka kuwa wizara ya fedha ya dunia, na mwaka 1986, baada ya yeye kung'atuka, Tanzania ilitia saini makubaliano na shirika hilo.

Kipimo cha kweli cha ushindi, kwa maoni yangu, kinapatikana upande wa wapinzani. Mwaka 1994 Newt Gingrich aliwaongoza Warepublican kulitwaa Baraza la Wawakilishi kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40, na Agosti 1996 rais wa Democratic, Bill Clinton, alitia saini sheria iliyofuta haki ya familia maskini kupewa msaada wa serikali kuu, haki iliyokuwapo tangu 1935.

Na Goldwater? Alikuwa hai bado. Mwaka 1981 Reagan alipomteua Sandra Day O'Connor, mwanamke wa Arizona, kuingia Mahakama ya Juu, Falwell alidai kwamba kila Mkristo mwema anapaswa kuwa na wasiwasi. Goldwater alijibu kwamba kila Mkristo mwema anapaswa kumpiga Falwell teke la makalio. Alipofariki Mei 1998 alikuwa ametetea haki ya mashoga kutumikia jeshi na haki ya mwanamke kuamua kuhusu mimba yake, na wapo wahafidhina wa jimbo lake mwenyewe waliotaka jina lake liondolewe kwenye jengo la chama.