Tairi Inakwaruza Fenda: Impreza STI Iliyoshushwa, Uani Kwako

KOMBO: Haya, karibuni tena. Mimi Kombo, niko na Dada Zuhura. Leo tunaanza na msikilizaji mwenye Subaru Impreza STI ya 2006. Kaishusha kwa koilova, yaani shokapu na springi zinazorekebishwa urefu, kafunga spoti rimu za inchi 18, gari imekaa chini kama paka anayewinda. Akiwa peke yake, kimya. Akipakia watu wawili nyuma akapita tuta, anasikia mkwaruzo. Fundi wa mtaani kamwambia walete nyundo wakunje mdomo wa fenda.

ZUHURA: Nyundo ikae kwanza! Rimu zake zina upana gani, na ET ngapi? ET ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaofungwa kwenye gari.

KOMBO: Kaandika. Upana inchi 9, ET 35, tairi 245/40, yaani upana milimita 245 na ukuta asilimia 40 ya upana huo.

ZUHURA: Basi tupige hesabu kabla hatujagusa spana. STI ya mwaka huo ilitoka kiwandani na rimu ya inchi 17, upana inchi 8, ET 53, tairi 235/45. Ukigeuza upana wa rimu kuwa milimita, ukagawa kwa mbili, ukatoa ET, unapata rimu inatokeza nje kiasi gani kutoka pale inapofungwa. Ya kiwandani inatoka kama milimita 49. Yake, milimita 79.

KOMBO: Thelathini zaidi!

ZUHURA: Na tairi yenyewe ni pana kwa milimita 10, kwa hiyo tano nyingine kila upande. Jumla imesogea nje sentimita tatu na nusu. Upande wa ndani, kwenye shokapu, nafasi haijabadilika sana. Halafu 245/40R18 ina kipenyo cha kama milimita 653, ya mwanzo ilikuwa 643. Imetoka nje, imekuwa ndefu, na gari imeshushwa. Vyote vitatu kwa pamoja.

KOMBO: Wewe dada unataka kumwambia auze rimu. Kijana wa watu kajichanga!

ZUHURA: Sijasema auze. Tairi zikiisha anunue 235/40R18. Kipenyo chake ni 645, karibu sawa na ya kiwandani, na rimu ya inchi 9 inaibeba vizuri. Kwa sasa tuangalie anachoweza kufanya nyumbani. Kwanza ajue inagusa wapi. Apake chaki pembeni mwa tairi zote nne, apakie watu, apite tuta taratibu, kisha akate kona hadi mwisho kushoto na kulia. Chaki ilipofutika ndipo penye tatizo. Mbele mara nyingi ni plastiki ya ndani ya fenda au pembe ya bampa, na inagusa akikata kona. Nyuma ni mdomo wa fenda, na inagusa gari ikilemewa. Kila moja ina dawa yake.

KOMBO: Wa kwetu analalamikia nyuma.

ZUHURA: Basi apime gari imekaa juu kiasi gani. Asipime kutoka chini, upepo wa tairi utamdanganya. Apime kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa fenda, pande zote nne, aandike. Sakafu iwe ya saruji na sawa.

KOMBO: Na jeki?

ZUHURA: Jeki inainua, stendi ndiyo inayoshika. Magurudumu yanayobaki chini yawekewe vizuizi. Asiingize mwili chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Hapo sina mjadala.

KOMBO: Sawa. Tairi imetoka, koilova inaonekana. Anazungusha kile kiti cha springi, gari inapanda, kazi imekwisha.

ZUHURA: Hapo ndipo wengi wanapopotea, kaka. Koilova ziko za aina mbili. Kuna ya bei nafuu, ambayo urefu wote unapatikana kwa kiti cha springi. Na kuna ile ambayo mwili wa shokapu umeingia kwa nyuzi kwenye bano la chini, unaweza kuurefusha huko huko chini. Ukipandisha kiti cha springi, gari inasimama juu zaidi, lakini shokapu bado inaishia pale pale ilipokuwa ikiishia. Tuta likiwa kali, tairi inapanda hadi mahali palepale na kukwaruza kama jana. Ukirefusha kwa chini, mwisho wa safari wenyewe unashuka. Tairi haiwezi tena kufika kwenye fenda.

KOMBO: Hee. Kwa hiyo mtu anaweza kupandisha gari na mlio ukabaki?

ZUHURA: Unabaki, ila unasikika mara chache zaidi. Ndiyo maana kuna jaribio napenda watu walifanye, ingawa linachosha. Unatoa springi kabisa, unarudisha shokapu bila springi, unafunga tairi. Gari iko juu ya stendi. Unaweka jeki chini ya mkono wa gurudumu, unapandisha polepole hadi ile raba kwenye rodi ya shokapu iguse na kubanwa kidogo. Sasa unaona kwa macho tairi inafika wapi gari ikizama yote. Ukifanya mbele, zungusha usukani pande zote mbili ikiwa hapo juu. Hakuna kubahatisha tena.

KOMBO: Kutoa springi si hatari?

ZUHURA: Springi ya kiwandani ni hatari kweli, imebanwa kwa nguvu nyingi. Nati ya juu haifunguliwi bila kifaa cha kubana springi. Kwenye koilova unashusha kiti kwanza hadi springi icheze kwa mkono, ndipo unafungua juu.

KOMBO: Na wanaokata ile raba ili gari ishuke zaidi?

ZUHURA: Wanajitafutia kuvunja shokapu na kuchana tairi. Kama koilova yako ni ile ya kiti tu, raba ndefu zaidi ndiyo mkombozi wako. Na anayerefusha kwa chini ahakikishe nyuzi za kutosha zimebaki ndani ya bano, kiwango cha mtengenezaji kiheshimiwe. Pande zote mbili zizungushwe sawa, nati za kufungia zikazwe, na mpira wa breki usivutike.

KOMBO: Kuna kemba pia. Vijana wanalaza tairi ndani juu.

ZUHURA: Inasaidia kidogo. Digrii moja inaingiza juu ya tairi kwa kama milimita tano. Sasa mtu katoka nje thelathini na tano, atalaza digrii ngapi? Atakula tairi upande wa ndani. Mbele ni rahisi: kati ya bolti mbili za shokapu, ya juu ina kichwa cha kuzungusha kutoka kiwandani. Nyuma ya gari hii haina, labda anunue bolti maalumu, au koilova zake ziwe na nafasi ya kusogeza.

KOMBO: Mimi bado nasema gari ya juu haipendezi. Ila dereva Colin McRae alishinda mbio za Safari Rally za 1997 na Impreza iliyoinuliwa, basi nanyamaza.

ZUHURA: Na nyundo sikuikataa milele. Akishapandisha, akaweka tairi ya 235, na jaribio likaonyesha mdomo bado unaguswa, aukunje. Lakini kwa mashine ya rola, rangi ikipashwa moto kwanza isipasuke. Ikipasuka, kwa chumvi ya hewa ya Dar, kutu haichelewi.

KOMBO: Akimaliza?

ZUHURA: Asogeze gari mbele na nyuma ikae, apime tena zile pande nne, alinganishe na karatasi yake. Kisha aende wili alaimenti, maana kimo cha gari kikibadilika na tou, yaani tairi zinavyoelekea ndani au nje kwa mbele, inabadilika. Aende taratibu siku hiyo, na achukue wale watu wawili wa nyuma. Pale gereji wakae ndani wakati wa kupima.

KOMBO: Watalipwa?

ZUHURA: Soda tu. Haya, swali linalofuata linahusu Altezza inayovuta upande.