Bomba Lifuate Pumzi ya Injini: Maneno Niliyowaambia Wenye Magari ya Zamani, Malindi

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Hapa mezani nimeweka vipande viwili vya bomba, nitavipitisha, kila mtu avishike kwa mkono wake asivitazame tu. Wenye lori za Bedford nawaona, wenye Land Rover mmejaa huku kushoto, na mzee wa Chevrolet usikae nyuma, sogea mbele. Ekzosi, hilo bomba la kutolea moshi wa injini, ni nini sitaeleza, hakuna hapa ambaye hajalala chini ya gari akamwagikiwa masizi machoni.

Neno langu ni lile lile la siku zote na bado gari zaniletea bomba pana kama la mtaro! Bomba huchaguliwa kwa pumzi ya injini, yaani moshi inaoutoa, si kwa macho wala kwa mlio.

Kulikuwa na Land Rover moja, Series III, ile ndefu ya 109 ya petroli, ya kubebea samaki kutoka Ngomeni. Kijana mwenyewe aliirithi kwa babu yake, na gari likivuta vizuri tu. Marafiki wakamwambia injini imezibwa, itanue ipumue, akaenda mahali akafungiwa bomba la inchi tatu kutoka manifoldi, pale moshi wa silinda zote unapokutana, mpaka nyuma, sailensa ya kupunguza mlio ikatupwa. Akaja kwangu baada ya wiki mbili. Kwenye mchanga, na barafu na samaki nyuma, pale alipokuwa akipita na gia ya pili sasa lazima ashuke ya kwanza, na akikanyaga mafuta gari languruma halafu haliendi. Nikainama chini. Bomba lagonga springi ya nyuma mpaka limeng'aa pale linaposuguana, na pale lilipoungwa na manifoldi kuna ngazi ya ndani, moshi watoka tundu dogo waangukia chumba. Nikaling'oa lote, nikafunga la inchi mbili na sailensa yake, kona mbili tu. Akaenda Ngomeni akarudi, gia ya pili imerudi.

Sasa sikizeni kwa nini. Moshi hautoki kwenye valvu kama maji ya mfereji, watoka kwa mikupuo, na kila mkupuo ukikimbia huacha nyuma yake upungufu unaosaidia kuvuta moshi wa silinda inayofuata. Mkupuo ukienda kasi, silinda yasafishika, petroli mpya yapata nafasi. Ukitanua njia kupita kiasi moshi wapoa, walegea, hauvuti kitu, na hasara hiyo utaiona chini, kwenye mizunguko midogo, ndiko lori la mzigo linakoishi. Bomba la inchi tatu kwa ndani lina njia zaidi ya mara mbili ya lile la inchi mbili, kwa hiyo moshi ule ule waenda mwendo chini ya nusu.

Kuna mtu ashanyoosha mkono, najua atakalosema, kwamba injini inataka presha ya nyuma. Hapana bwana! Hakuna injini ya lori inayotaka kusukumwa nyuma. Inachotaka ni mwendo wa moshi, na watu wamechanganya haya mawili miaka yote, ndo maana mmoja aziba na mwenziwe apanua na wote wamekosea.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua hosipawa, zidisha kwa 2.2, hizo ndizo futi za ujazo kwa dakika ambazo bomba lapaswa kuweza kupitisha. Inchi moja ya mraba ya bomba lililonyooka hupitisha kama 115. Ile Land Rover injini yake ni cc 2,286, hosipawa kama 70, basi yataka 154, gawa kwa 115, wapata inchi za mraba 1.34. Bomba la inchi moja na nusu kwa ndani lapitisha na kubakisha! Ongeza nafasi ya sailensa na kona, wafika inchi mbili, basi. Chevrolet ya mzee, silinda sita, hosipawa kama 90, nayo inchi mbili. Ukishaweka V8 ya hosipawa 200 ndo tuongee habari ya mbili na nusu, au mabomba mawili ya inchi mbili mbili.

Na hiyo inchi mbili ni ipi? Shikeni hivyo vipande. Hiki chembamba ni bomba la ekzosi, hupimwa nje, milimita 51. Hiki kizito ni bomba la maji, nalo laitwa inchi mbili, lipimeni, nje milimita 60! Mita nne za hili ni kama kilo 20, za lile hazifiki kilo 8, halafu mtu ashangaa hanga, vile vishikio vya bomba, zakatika. Na lina zinki. Kijana wangu mmoja alichomelea bomba la maji mchana kutwa chumbani, usiku akatetemeka kwa homa, tukampeleka kupima malaria, hana. Ni moshi wa zinki ule. Nimekataza gerejini tangu siku hiyo na nawaomba nanyi mkatae.

Dizeli isiyo na turbo, ile feni inayozungushwa na moshi kuisukumia injini hewa, hesabu ndiyo hiyo hiyo, ila ukizidisha kidogo haikuadhibu kama petroli. Yenye turbo ni habari nyengine, baada ya turbo panua.

Kukunja kona, jaza mchanga mkavu, mkavu kabisa uliokaangwa, ziba ncha, pasha moto ndo ukunje, bomba halibonyei. Mchanga wa pwani wenye unyevu ukizibwa na kupashwa moto hutoa mvuke ukarusha kizibo, mtu apoteze jicho.

Kutu la chumvi nilitaka niliseme kwa urefu, naona alasiri yaingia. Hili moja lazima: mdomo wa bomba utoke nje ya bodi, usiishie chini ya kebini, na kila kiungo kisivuje, maana ile hewa ya sumu haina harufu na dereva husinzia asijue.

Mzee, fungua boneti. Nipeni karipa, kile kipimo cha upana wa bomba, tutapima yako kwanza.