Nyota Inayobanikwa Upande Mmoja

Assalaam alaykum. Wazee wangu, na nyinyi vijana, ahsanteni kwa kuja.

Mliopita Forodhani jioni hii mmewaona wanaobanika pweza. Kipande kisipogeuzwa, upande wa makaa unaungua na wa juu unabaki mbichi. Mbinguni imo nyota ya namna hiyo, na haina wa kuigeuza.

Mwaka 1988, kwa darubini ya redio ya Arecibo kule Puerto Rico, iligunduliwa pulsa B1957+20. Pulsa ni kiini cha nyota iliyokufa: uzito unaolipita jua, umeshindiliwa katika tufe ambalo upana wake ungeenea hapa Unguja. Hii inajizungusha mara 622 kwa sekunde, na miale yake inatupitia kama taa ya mnara wa Chumbe inavyowapitia wavuvi. Mwenzake ni nyota dhaifu, inayoizunguka kwa saa 9 na dakika 10 hivi, uso ule ule ukiielekea daima, kama mwezi kwetu. Uso huo umefika digrii 8,000. Mgongo haufiki 3,000. Gesi inachemka na kuvuka kutoka kwake, na kila mzunguko inaziba mawimbi ya pulsa kwa karibu saa nzima. Ndiyo maana wataalamu wameiita Mjane Mweusi, jina la buibui jike anayemla dume wake.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo penye kazi. Pulsa tunaipima uzito kwa kutazama mwenzake anakwenda mbio kiasi gani. Lakini nuru tunayoipokea inatoka zaidi ule upande uliobanikwa, ambao uko karibu zaidi na pulsa, kwa hiyo unakwenda polepole kuliko kitovu cha nyota yenyewe. Ukiusadiki uso ule, mizani yako imekudanganya: pulsa utaiona nyepesi kuliko ilivyo. Lazima kwanza ujue joto limetandaa vipi, na njia wanayozungukia imelala kwa pembe gani. Hayo yote yanasomwa katika kung'aa na kufifia kwa nukta moja ya mwanga. Mimi jambo hili hunishangaza kila nikilirudia.

Kwa hesabu hiyo, mwaka 2022 pulsa J0952-0607, ya mizunguko 707 kwa sekunde, ilipimwa ikaonekana ina uzito wa majua 2.35 hivi. Ni katika nyota za nyutroni, yaani viini vilivyoshindiliwa kama hivi, nzito kabisa zilizopata kupimwa, karibu na mpaka wa kuporomoka na kuwa shimo jeusi. Darubini iliyotumika ni Keck, kule Hawaii. Na mwenzake anapotugeuzia mgongo, hata kioo kile cha mita 10 kinamwona kwa taabu.